Nilivyowaita Wadogo Waje Washindwe

Chombo kilichotwaa zawadi ya kwanza katika mashindano ya ngalawa niliyoyaandaa mimi kilikuwa changu kwa nusu. Sikuvunja kanuni yoyote. Kanuni hazikuwepo, na aliyetakiwa kuziandika nilikuwa mimi.

Kwa muda mrefu nimeisimulia habari hii kwa namna inayonipendeza. Husema upepo ulichafuka, mgeni rasmi alichelewa, na wenye vyombo vidogo hawana moyo wa michezo. Kila dai katika hayo lina ukweli wake kidogo, ndiyo maana yalinifaa kujifichia. Leo nayaacha. Niliwashawishi wenye ngalawa ndogo waingie katika shindano ambalo hawakuwa na njia ya kulishinda. Niliwataka wawe wengi ili ufuo upendeze kwenye picha na mfadhili aridhike. Walipokataa kurudi mara ya pili, nikawaita waoga mbele za watu.

Mimi ni mtu wa Kwaluguru, Handeni. Kwetu ni nchi ya mahindi na mihogo, ambako kiangazi mtu hutoka alfajiri na baiskeli na madumu kusaka maji, na bahari hutajwa zaidi katika hadithi kuliko katika mipango ya kesho. Nilishuka Pangani kwa kazi ya ukarani, nikaoa huko, nikabaki. Watu wa mji walinipokea vizuri, ingawa kila nilipokosea jina la kamba au la upepo walinikumbusha kwa utani kwamba mtu wa bara hafichiki. Nadhani utani huo ndio ulionitia pupa ya kuonekana mtu wa pwani kabla sijawa. Nilinunua kofia ya nahodha kabla ya kujifunza kuogelea.

Njia ya mkato niliipata nyumbani. Katika shamba aliloacha baba palikuwa na mwembe mkongwe uliokwisha kupunguza kuzaa, shina lake watu wawili hawalikumbatii. Shemeji yangu ni mvuvi, na aliposikia habari za shina hilo alinyanyuka kitini. Mwili wa ngalawa huchongwa katika gogo moja, mara nyingi la mwembe, na fundi wake alikuwa akilalamika kwamba miembe minene iliyo karibu imekwisha, kwa hiyo ngalawa mpya zinazidi kuwa fupi. Tukaukata, tukalipa ushuru, lori likalishusha gogo kupitia Segera na Muheza hadi Pangani. Fundi akatoa humo ngalawa ya dhiraa 14, zaidi ya mita 6. Pale ufuoni ngalawa nyingi za majirani zilikuwa za dhiraa 9 au 10. Gogo langu, kazi ya shemeji, mapato nusu kwa nusu.

Hayo yote nilikuwa nayajua siku kamati ya mashindano iliponichagua kuwa katibu, kwa sababu naweza kuandika barua.

Mfadhili wetu alikubali kutoa mashine ya boti kwa mshindi wa kwanza. Hakuna aliyeona kichekesho cha kushindanisha matanga ili mshindi aachane na tanga. Sharti lake lilikuwa moja, vyombo viwe vingi, na kazi ya kuvitafuta ikawa yangu.

Nikavuka Bweni, ng'ambo ya mto. Nikaenda Ushongo na Kipumbwi upande wa kusini, nikapanda Kigombe upande wa kaskazini. Niliwakuta watu wakitia viraka nyavu za jarife, wengine wakisuka madema, nikakaa nao chini na kuwaeleza habari za mashine. Nilikuwa na sentensi moja niliyojivunia, nikaitumia kila barazani: "Upepo haubagui mkubwa wala mdogo." Wengi walikubali kwa adabu, maana mtu aliyekujia na barua yenye muhuri ni vigumu kumkatalia. Wengine niliona macho yao yakibaki kwenye neno mashine. Kwa anayeishi kwa mshipi, mashine mpya ni bei ya samaki wa miaka.

Bweni nilimkuta mzee mmoja akipaka mafuta ya sifa kwenye chombo chake. Nikamwamkia, akaitikia, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nitashindana na nani?"

"Na wote, mzee."

"Na ile yenu ya mwembe wa bara?"

Nikamwambia nayo itakuwepo. Akachovya tena kitambaa chake katika kopo. "Upepo haubagui, mwanangu. Maji ndiyo yanayobagua."

Nikacheka. Nilidhani ni misemo ya wazee, ya kujitoa bila kukataa. Kwenye daftari, mbele ya jina lake, nikaandika: hana nia.

Alichokisema kilikuwa ufundi mtupu, na mtu yeyote aliyewahi kushika usukani angenieleza kama ningemuuliza. Chombo kikienda hutengeneza wimbi lake chenyewe, na kadiri mwendo unavyoongezeka wimbi hilo linarefuka. Likianza kuzidi urefu wa chombo, omo inakuwa juu ya mgongo wa wimbi na tezi imezama bondeni, na nguvu yote unayoiongeza kuanzia hapo inaishia kukipandisha chombo mlima wake mwenyewe. Kwa hesabu wanayoitumia mafundi wa boti, chombo chenye mita 4 majini huanza kukwama kikikaribia maili 5 za bahari kwa saa. Chenye mita 6 hukaribia maili 6. Kwa saa moja hiyo ni tofauti ya kama maili nzima ya bahari, mita 1,852, kabla hatujazungumzia ustadi wa mtu. Ngalawa ni nyembamba, huweza kuizidi hesabu hiyo upepo ukiwa mzuri, lakini nyembamba ndefu bado huiacha nyembamba fupi.

Na urefu haukuwa peke yake. Chombo kirefu hubeba foromali ndefu, ule mti unaoshika tanga, na foromali ndefu hubeba tanga pana. Tanga letu lilikuwa la kitambaa kipya. Wengine walikuja na matanga ya viroba vilivyoshonwa pamoja, kiraka juu ya kiraka. Sisi tulipakia mabaharia wanne, wa kutosha kuwatuma wawili wakasimame juu ya mirengu upande wa joshi ili chombo kisilale. Ngalawa ya dhiraa 9 ikipakia wanne inakuwa imeanza kuzama. Hayo ndiyo niliyoyaita mashindano ya wazi kwa wote.

Siku niliichagua mimi. Nilichagua Jumamosi kwa sababu maofisa wana nafasi. Wavuvi wengi wa huku hupumzika Ijumaa, siku ya sala, na Jumamosi ndipo nyumba inaposubiri kitoweo. Sikuuliza. Mwezi nao sikuutazama, na ilikuwa bamvua. Siku za bamvua katika pwani hii maji hujaa alfajiri na jioni, kisha hupwa kwa nguvu asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Pale Pangani maji hayo, pamoja na ya mto ulioanzia huko juu na kupita Korogwe, hutokea katika mlango mmoja mwembamba. Upepo wa kusi ukivuma kutoka nje, mkondo unaotoka unakutana na upepo unaoingia, na mlangoni mawimbi yanasimama wima. Mtoto wa Bweni hulijua hilo kabla hajaanza shule.

Tulipanga kuanza saa 1 asubuhi, upepo wa umande ukiwa bado unatoka bara. Vyombo vilikuwa tayari, manahodha wakinitazama, na filimbi ilikuwa mfukoni mwangu. Ningepuliza wakati ule wangetoka na upepo wa nyuma, wakienda na mkondo. Mgeni rasmi hakuwa amefika. Nikasubiri gari. Lilipokuja ilikuwa imepita saa 3, hotuba zikafuata, na filimbi ikalia kusi imeshaamka na maji bado yanatoka. Nimezoea kusema kwamba mgeni alituchelewesha. Mgeni alichelewa yeye. Aliyewachelewesha wengine ni mwenye filimbi.

Chombo chetu kikapita mlangoni kikirusha povu. Ngalawa fupi zilipanda wimbi moja na kuangukia ndani ya jingine. Kupiga bisho kwa tanga letu la pembe tatu kunataka foromali ihamishwe mbele ya mlingoti kila mnapogeuka, na watu wawili katika chombo kinachorukaruka wanaifanya kazi hiyo huku mmoja wao akiwa pia anafua maji. Baadhi walishusha matanga mapema na kurudi. Watu ufuoni wakawazomea, nami sikuwanyamazisha.

Kijana mmoja hakurudi. Huyo nilikuwa nimemfuata kwao mara zaidi ya moja, na nilimwambia kwa kinywa changu kwamba mashine inaweza kuwa yake. Ndubi yake ya kushoto, kile kiegemeo cha pembeni, ilikatika pale mlangoni, chombo kikalala, yeye na mwenzake wakabaki wameshikilia gogo mpaka boti ya mashine ilipowafikia. Jaketi okozi hawakuwa nazo. Sikuwa nimeuliza nani anazo. Mlingoti, foromali na tanga vilichukuliwa na mkondo. Hakufa mtu, na kwa hilo sistahili sifa yoyote.

Chini ya saa moja baadaye nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Nilimtangaza shemeji, akapokea mashine, tukapigwa picha. Nikasema kilicho muhimu ni kushiriki. Aliyevunjikiwa chombo alikuwa amekaa mchangani akikamua shati.

Mashine tuliiuza. Fungu langu likaezeka bati nyumba ninayolala. Yule kijana alipitisha msimu akifanya kibarua katika chombo cha mtu mwingine, kwa fungu la baharia, kwa sababu gogo bila ndubi na tanga halina kazi. Mimi nilikuwa nikipishana naye sokoni na kumsalimia kwa uchangamfu mkubwa, ule wa mtu anayetaka salamu iishe haraka.

Ulipofika wakati wa kuandaa tena, nilizunguka vijiji vilevile na barua ileile. Safari hii hata adabu haikuniokoa. Mmoja alikuwa na msiba, mwingine chombo kilikuwa kinavuja, mwingine alimtuma mtoto aniambie hayupo huku namsikia akikohoa ndani. Kwenye mkutano wa hadhara nikasema watu wetu wameridhika na udogo wao, kwamba wanaogopa kushindwa. Nililisema hilo nikiwa nimevaa ile kofia.

Aliyenifumbua macho hakuwa mtu wa bahari. Nilikwenda Kwaluguru kwenye msiba, na usiku, katika yale mazungumzo ya kuondoa usingizi, nikasimulia mashindano yetu kama kichekesho: ngalawa zinazogeuka nyuma, watu wanaozomea, kijana mbishi aliyeogeleshwa. Waombolezaji walicheka. Mjomba wangu hakucheka. Akaniuliza kama naijua habari ya watu wetu wa Somalia.

Handeni kila mtu anaijua kidogo. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliishika nchi ya Wazigua. Wengi walishuka pwani, wakapandishwa majahazi kwa ahadi ya kazi na chakula ng'ambo, wakaishia kuwa watumwa katika mashamba ya Somalia. Waliotoroka walijijengea vijiji kwenye misitu ya Mto Juba, wakaishika lugha yao kizazi baada ya kizazi. Vita vya 1991 vilipowafukuza huko, baadhi yao walirudi katika nchi ya mababu wakiwa bado wanasema Kizigua, na makazi yao ya Chogo yako Handeni hadi leo.

"Wale si wote waliofungwa kamba," mjomba akasema. "Wengine walipanda wenyewe. Walisikia maneno mazuri."

Sitalinganisha utumwa na resi ya ngalawa. Nikifanya hivyo nitawadharau waliofikwa. Mjomba naye hakulinganisha. Alinionyesha jambo dogo zaidi, lililonihusu mimi: anayemwita mwenzake apande chombo anadaiwa ukweli wote anaoujua kuhusu safari, hasa ule unaomfaidi yeye anayeita. Nilijua urefu wa chombo changu. Nilijua nusu ya zawadi ingerudi kwangu. Katika baraza zote nilizokaa, hayo mawili sikuyatamka.

Niliporudi Pangani nikaanza kusoma na kuuliza, kazi iliyopaswa kutangulia. Swali la mzee wa Bweni nikalikuta limewasumbua watu wa mbali zamani. Mwaka 1887, karibu na Dublin huko Ireland, wenye mashua ndogo walianzisha daraja walilolipa jina Water Wag. Kila chombo kilikuwa cha futi 13, kwa mchoro mmoja, ili mwenye pesa asinunue ushindi kwa kujenga kingine kikubwa zaidi kila mwaka. Wazo hilo likaenea duniani. Optimist, mashua ya watoto ya mita 2.3, ilichorwa Marekani mwaka 1947 na yote yanayoshindana leo yanafuata vipimo vilevile. Laser, ya mtu mmoja, yenye mita 4.2, iliingia Olimpiki kwenye michezo ya Atlanta mwaka 1996. Na Denise Parruque na Maria Machava, wasichana wa Msumbiji, ambayo bahari yake ndiyo hii yetu, walipokwenda Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, walishindana katika daraja linaloitwa 470, na kila mpinzani wao alikuwa katika mashua ya aina hiyohiyo. Huko kwa mabingwa wa dunia hakuna anayeambiwa aingie na alichonacho kwa kuwa upepo ni mmoja.

Vyombo visipofanana kuna njia nyingine. Waingereza huipa kila aina ya mashua namba yake, ambayo hukua kadiri mashua inavyokuwa nzito ya mwendo: Laser iko karibu na 1100, Optimist inapita 1600. Muda wa kila mshindani hugawanywa kwa namba yake, na mtoto aliyefika mwisho ufuoni anaweza kuwa ndiye mshindi kwenye karatasi.

Kwetu hakuna linalochukulika zima zima. Ngalawa haina kiwanda, kila mwembe hutoa mwili wake. Lakini futi kamba inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, na kupima gogo kutoka omo hadi tezi hakuchukui muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Nikaomba kikao cha kamati. Nilijiandaa kwa mshtuko wao. Nikasema kwamba chombo kilichoshinda nusu yake ni yangu, na kwamba sikulitaja hilo nilipowaalika wengine. Kimya kikapita, kisha mmoja wao akasema, "Tunajua, bwana katibu. Pangani nzima inajua. Tulikuwa tunangoja useme." Hapo ndipo nilipoelewa zile sababu zote za msiba na chombo kinachovuja. Walikuwa wakinistahi.

Tulichoandika baada ya hapo ni kifupi. Ngalawa zisizozidi dhiraa 10 zishindane zenyewe kwa zenyewe, zinazozidi 10 hadi 12 zenyewe, na zilizo juu ya hapo zenyewe. Mashua za mbao ziwe na mbio zao. Foromali nayo ipimwe, na idadi ya mabaharia iwe moja katika kila daraja. Zawadi za daraja dogo zilingane na za daraja kubwa, na ziwe vitu ambavyo mwenye tanga anavihitaji: kamba, kitambaa, nyavu halali. Mjumbe wa kamati asiingize chombo wala kuwa na fungu ndani ya chombo. Siku ichaguliwe na manahodha kwa mwezi na kwa pepo: maji mafu, wakati wa matlai, kabla kaskazi haijashika, Ijumaa baada ya sala. Filimbi ilie saa iliyotangazwa, mgeni awepo asiwepo. Asiye na jaketi okozi hatoki. Ukaguzi wa vyombo vidogo ni kazi ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na asubuhi ya resi si wakati wa kugundua kwamba cheti cha mtu kimekwisha. Mwisho, sehemu ya fedha za mfadhili itengwe kabla ya kitu kingine chochote, kwa ajili ya chombo kitakachovunjika.

Lile gogo nililimwachia shemeji, nikatoka katika ushirika. Yule kijana nilimpelekea gharama ya ndubi, mlingoti na tanga. Alizihesabu fedha mbele yangu, akasema ahsante, akaniuliza kama kuna jingine. Msimu alioupoteza sijaulipa na sijui ningeulipaje. Bati ziko palepale juu ya kichwa changu. Hajarudi katika mashindano yetu, na jina lake silipeleki tena katika mkutano wowote.

Mzee wa Bweni alikubali chombo chake kipimwe, kikawa dhiraa 9 na nusu, lakini akasema kushindana ni kazi ya wajukuu. Alilotaka ni safari. Watu wa pwani hii wana desturi ya dago: wavuvi hufungasha mchele na maji, huondoka vyombo kadhaa pamoja, hupiga kambi ufuo wa mbali kwa wiki nyingi, na kila mmoja anajua nani atamgeukia tanga likichanika. Mzee akauliza kwa nini mambo yetu yote ni ya kupitana. Tukapanga msafara wa kwenda Maziwe, kisiwa cha mchanga kilicho kama kilomita 8 kutoka pwani. Kwa kuwa ni eneo tengefu tuliomba ruhusa, na kwa kuwa bamvua huufunika mchanga wote maji yakijaa, tukaenda siku za maji mafu. Sharti lilikuwa moja: chombo kifupi kuliko vyote kinaongoza, na hakuna wa kukipita.

Mabaharia wa vyombo virefu waliona dhiki. Walilazimika kupunguza tanga, kungoja, kutazama nyuma. Nadhani wengi hawakuwahi kuona kwa karibu jinsi ngalawa ya dhiraa 9 inavyopanda wimbi. Njiani kamba ya usukani ya mmoja ikakatika, na kabla hajapaza sauti vyombo viwili vilishamkaribia. Mwenye kamba hiyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha kwa resi ya daraja lake. Kwa mashine yangu na barua zangu nilikuwa nimejaribu kununua kitu ambacho watu hupeana bure wakishakuwa na hakika kwamba hawatachekwa.

Madaraja yetu bado ni madogo. La dhiraa 10 ndilo lenye vyombo vingi, na ndilo lenye mbio za kusisimua, kwa sababu pale mshindi hajulikani kabla filimbi haijalia. Daraja kubwa lina vyombo vichache, na shemeji analalamika kwamba siku hizi inambidi afanye mazoezi.

Sasa kwako wewe mwenye ngalawa fupi au kidau cha urithi: waandaaji wa mashindano watakujia, na baadhi yetu tuna midomo mizuri. Nakuomba uje, kwa sababu mashindano yanakufundisha kukata upepo kuliko miaka ya kwenda peke yako kwenye mwamba uleule, na msafara unakupa majirani wa baharini ambao siku moja utawahitaji. Lakini kwanza muulize anayekualika utapangwa na vyombo vya urefu gani, na nani amevipima. Muulize siku hiyo maji yanatoka au yanaingia, na filimbi inamngoja nani. Muulize ndubi yako ikikatika fedha za kuitengeneza ziko kwa nani. Kisha mtazame usoni umuulize yeye mwenyewe ana fungu katika chombo gani. Akijibu yote bila kumung'unya, pandisha tanga. Akianza kukuambia kwamba upepo haubagui, endelea na mshipi wako, na akikuita mwoga, mwambie aje aniulize mimi.